Mdogo Wangu na Nyaya za Gari la Mikate

Mdogo wangu ameshona viti vya magari kwa miaka ishirini na tisa, na hapa mtaani hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wetu. Wanamwita Sindano. Wengi wanadhani ni kwa ajili ya kazi yake. Mimi niliyembeba mgongoni akiwa na miezi sita najua ni kwa ajili ya mdomo wake. Mimi ni kaka yake, fundi umeme wa majumbani. Nyumba nane mtaani zinawaka kwa mkono wangu, na ya tisa inawaka ikipenda.

Siku hizi kila nikipita watu wananiuliza habari za gari lake, na kila anayesimulia ameshatia chumvi yake. Nimeona bora niandike mwenyewe, maana nilikuwepo, tena nilikuwepo zaidi ya nilivyohitajika.

Karakana yake ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Ukiingia unapokewa na harufu ya gundi, halafu marundo ya sponji, halafu mgongo wake. Mgongo ule haugeuki mpaka mshono uishe. Atakwambia, "Karibu, kaa, si hapo, hapo pana sindano," bila kukutazama. Akifumua kiti cha gari, kila kipande anakiandika chaki kwa upande wa ndani, herufi moja tu, kisha anavitupa vyote sakafuni. Kesho yake anaviokota na kuvirudisha mahali pake kama mtu anayepanga karata. Chuo hajakanyaga. Alijifunza akiwa na miaka kumi na sita, alipofumua kiti cha gari la mwenye nyumba wetu bila ruhusa na kukirudisha kabla mwenyewe hajatoka kazini. Alikamatwa kwa sababu kiti kilirudi kizuri kuliko kilivyokuwa.

Mume wake ni Mwalimu. Amefundisha jiografia miaka thelathini na moja, mrefu, mwembamba, shati limechomekwa hata siku ya kufua. Kila mwaka alikuwa akichora ubaoni mto ule mkubwa wa kaskazini kwa chaki ya bluu: hapa unazaliwa, hapa unapinda, hapa unaanguka. Binti mmoja wa darasa la saba aliwahi kumwuliza, "Mwalimu, wewe umeshafika?" Akajibu, "Tuendelee na somo." Jioni ile alimsimulia mkewe akicheka, lakini mkewe anasema hakula.

Alipostaafu walianza kupanga safari. Ndipo pumzi yake ikaanza kukatika usingizini. Anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Sindano alikuwa anahesabu: moja, mbili, tatu, mpaka thelathini, halafu mzee anashtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Daktari akampa mashine ndogo ya kusukuma hewa, ina mrija na barakoa ya kuvaa puani, akasema bila hiyo moyo utachoka. Nyumbani hakuna tatizo, umeme upo. Tatizo ni safari. Walijaribu mara moja tu, kwa basi, wakalala nyumba ya wageni katikati ya njia. Umeme ukakatika, mashine ikanyamaza. Mdogo wangu alikaa kitandani akimtikisa mumewe kila pumzi ilipokwama, mpaka kukapambazuka, na asubuhi wakapanda basi la kurudi.

Tangu siku hiyo Mwalimu hakutaja tena mto. Na tangu siku hiyo, miaka miwili, mdogo wangu hajalala usingizi wa maana, hata nyumbani, hata mashine ikiwa inanguruma vizuri. Sikio lake moja liko macho daima. Unamwona mchana anashona huku anasinzia, na kushona huku unasinzia kwa cherehani ile ni kutafuta kutobolewa kidole.

Basi kiwanda cha mikate kikawa kinaondoa gari lake kuukuu, lile refu la kusambazia, lisilo na madirisha ubavuni. Sindano aliwashonea viti vya magari yao yote mapya, wakampa lile. Likaja na harufu ya mikate, na nina hakika litazikwa nayo.

"La nini hili?" nikamwuliza.

"La kulala. Naweka kitanda, maji na umeme wake lenyewe. Nampeleka Mwalimu kuona mto."

"Na umeme nani atafunga?"

"Mimi."

"Wewe? Sindano, umeme si kitambaa."

"Najua, kaka. Kitambaa kikikosewa hakirushi cheche. Ndiyo maana sikupi wewe."

Nilimeza hiyo. Mimi niliyeacha shule darasa la sita, au shule iliyoniacha mimi, hatujakubaliana hadi leo, lakini nimeshika nyaya tangu yeye anacheza na vifuniko vya chupa! Nikasema moyoni, ngoja akwame, atakuja.

Hakuja. Alichukua kitabu cha maelekezo cha ile mashine ya hewa, akakisoma na Mwalimu usiku kwa usiku, neno kwa neno. Akanunua mita ya kupimia. Akagundua kwamba mashine ikizimwa kile kisahani chake cha kupasha maji ya kulainisha hewa, inavuta ampea tatu tu. "Saa tisa za kulala ni ishirini na saba," akaniambia, akinitolea hesabu kwenye kipande cha ngozi bandia. "Betri ina mia. Hata jua likigoma siku moja, bado analala." Nilitazama ile hesabu nikatikisa kichwa kwa uzito, kama mtu aliyekuwa ameshaijua.

Maji nayo yalikuwa lazima, kwa sababu barakoa ile inaoshwa kila asubuhi kwa sabuni na maji safi, la sivyo ngozi ya pua inachubuka. Akaweka tangi la lita sitini chini ya benchi, na pampu ndogo yenye ukubwa wa mkate, hapo ndipo nilipotania sana, na sinki la bakuli la bati. Ukifungua koki pampu inaamka yenyewe, ukifunga inalala. Mabomba na nyaya zote akazivika mifuko aliyoishona kwa ngozi bandia, akaifunika na sponji, juu yake kitambaa cha rangi ya maziwa, mshono mmoja mrefu kutoka mlango hadi kitandani. Miezi miwili. Ukiingia ulikuwa unajiona uko ndani ya mto wa kulalia. Paa akalitandika paneli mbili za sola. Kitu kimoja tu hakikunipendeza: nyaya zote zilikuwa nyeusi. Dukani lilibaki bunda moja, akalichukua hilo hilo.

"Utatofautishaje chanya na hasi?" nikamwuliza.

"Kwa akili," akasema.

Mwalimu hakuwa anaingia kwenye lile gari. Alilizunguka, akaligonga matairi kwa mguu, akarudi ndani kusoma gazeti. Mwishowe mkewe alimbana mezani, mimi nikiwepo.

"Jumamosi," akamwambia. "Baada ya chakula. Unalala humo na mashine yako, saa mbili tu, mchana kweupe."

"Na isipowaka?"

"Itawaka."

Mwalimu akakunja kitambaa chake cha mkono mara nne. "Nitalala mara moja," akasema. "Ikikataa, mama, tusijisumbue tena. Mto nimeuona kwenye ramani, unanitosha."

Mdogo wangu akasema sawa.

Jumamosi asubuhi nikafika mapema. Sindano alikuwa ametoka kwenda kutafuta klempu, kibano cha kukaza bomba la sinki. Gari wazi, hakuna mtu. Na karibu na mlango, kile kibao cha mbao alichofunga swichi kuu na fyuzi, kifuniko chake kimefunguliwa. Sasa ungekuwa wewe, fundi wa nyumba nane na nusu, ungepita?

Nikachungulia. Ncha nne za waya mweusi zimefungwa pale: mbili upande wa chanya, mbili upande wa hasi. Kila ncha imebandikwa kijitambaa chenye herufi ya chaki. Na upande wa chanya nikaona M na N, wamekaa pamoja. Upande wa hasi, M na N tena, pamoja! Katika kazi yangu M ni moto, waya wenye umeme. N ni nyutro, waya wa kurudi. Kuwalaza kitanda kimoja ni kuita zima moto. Nikasema, masikini mdogo wangu, kidogo tu amchome mumewe.

Nikazima swichi kuu, nikafungua, nikapanga upya. M wote kwenye chanya, N wote kwenye hasi. Ncha mbili zilikuwa zimezungushiwa uzi mwekundu mara tatu, nikadhani ni urembo, hawa washona viti hawawezi kuacha kitu bila pindo. Nikafunika zote kwa tepu nyeusi, safi kama bandeji ya hospitali. Nikawasha, nikabonyeza taa. Kimya. Nikasema labda hajamalizia sehemu fulani. Nikafunga kifuniko, nikaenda kukaa kivulini nikijisikia malaika.

Baada ya chakula Mwalimu akatoka na mashine yake kwapani, mto wa kulalia mkono wa pili, amevaa soksi. Akapanda. Akalala. Mkewe akamvalisha barakoa, akachomeka waya kwenye soketi ya kitandani, akabonyeza.

Hakuna.

Akabonyeza tena. Akajaribu taa. Akafungua koki. Hakuna kilichowaka, hakuna kilichoungua, hata cheche ya ukubwa wa mbu. Akapima betri kwa mita: imejaa. Akafungua kifuniko cha kibao, akapima fyuzi, nzima, akanitazama.

"Kaka, hii tepu?"

"Nimeifunga mimi. Vumbi lisiingie."

"Hukugusa kitu kingine?"

Wasomaji wangu, nilikuwa na nafasi. Ilikuwa nafasi pana, gari zima lingepita. Lakini Mwalimu alikuwa ananitazama kutoka kitandani na barakoa puani, na mimi nina sifa mtaani.

"Nigusie nini?" nikasema.

Mwalimu akavua barakoa polepole. Akaketi. Akampapasa mkewe bega, akasema, "Umejitahidi sana, mama. Sana." Akachukua mto wake akarudi ndani, na soksi zake zikaacha alama kwenye vumbi la uani.

Sindano alibaki amesimama. Kisha akatoa wembe wake wa kufumulia, akapiga magoti mlangoni, akaingiza ncha chini ya mshono ule mrefu wa miezi miwili.

"Unafanya nini?"

"Waya umekatika ndani. Lazima nilipigilia msumari juu yake." Akakata uzi wa kwanza. Tak. "Wewe ulisema, kaka. Ulisema umeme si kitambaa. Mimi ni mshona viti tu, nikajitia uhandisi." Tak. "Nilitaka alale sehemu nyingine mara moja." Tak. "Nilitaka na mimi nilale."

Tak, tak. Kila uzi uliokatika niliusikia mbavuni. Mita nne alizokwisha kushona, na alikuwa anafumua na kamasi zinamtoka, anazifuta kwa kiwiko kama alivyokuwa akifanya na miaka mitano. Nilijitia kukohoa. Nikajitia kutazama paa. Maji yakanifika shingoni.

"Sindano, weka wembe chini."

"Niache."

"Weka chini kwanza nikuulize. Zile herufi za kwenye nyaya. M ni nini?"

"M ni mbele." Hata hakugeuka. "Nyaya mbili za mbele, pampu na taa. N, nyuma, za kitandani. Si ndivyo ninavyoandika viti vyote? Mbele na nyuma. Wenye uzi mwekundu ndio chanya." Tak. "Kwa nini?"

Wembe ukasimama.

"Kaka." Akageuka, taratibu. "Wewe ulidhani M ni nini?"

"Moto," nikasema.

"Na N?"

"Nyutro."

Akanitazama. Nikatazama viatu vyangu, vilikuwa vinahitaji kupigwa rangi. "Nikaona umechanganya," nikasema, "nikakurekebishia. Moto wote chanya, nyutro zote hasi. Halafu nikafunga tepu."

"Kwa hiyo nyaya zote mbili za pampu ziko chanya."

"Ndiyo."

"Na zote mbili za kitanda ziko hasi."

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Na ulipoulizwa ukasema vumbi."

Kabla sijajibu, sauti ikatoka dirishani mwa nyumba. Ilianza kama mtu aliyekwama na punje kooni, halafu ikafunguka. Mwalimu alikuwa anacheka. Sijawahi kumsikia mtu yule akicheka kwa sauti, alikuwa anashika fremu ya dirisha asianguke. "Moto na nyutro!" akasema. "Shemeji, miaka thelathini na moja nimesahihisha mitihani, sijawahi kuona jibu lililokosewa kwa uangalifu namna hiyo!"

Mdogo wangu hakucheka. Alinirushia kipande cha sponji, kikanipiga usoni, akarusha cha pili, kisha akakaa kwenye ngazi ya gari akalia kama mtu aliyetua mzigo. "Nilidhani ni mimi," akawa anasema. "Nilidhani ni mimi." Nikakaa kando yake.

Tepu niliitoa mimi. Nyaya alirudisha yeye, mimi nikishika tochi na kunyamaza kwa amri. Uzi mwekundu huku, usio na uzi kule. Alipobonyeza swichi, taa ya mlangoni ikawaka, ndogo, ya manjano. Akafungua koki. Ikakohoa, ikatema hewa, ikatema maji yenye povu, halafu yakaja safi, membamba, yakigonga bakuli la bati. Akaliacha bakuli lijae nusu, akanawa uso.

Kazi haikuishia hapo. Koki imefungwa, lakini kila baada ya dakika tatu pampu inaamka yenyewe, trrr, inalala.

"Hiyo ni swichi ya pampu, mbovu," nikasema kabla sijajizuia.

"Shika tochi."

Akalala kifudifudi, sikio sakafuni, kiganja akikipitisha chini ya mabomba bila kuangalia, vile anavyotafuta uvimbe kwenye kiti. Kule nyuma ya sinki kidole chake kikarudi na tone moja. "Linavuja hapa. Pampu inadhani kuna mtu amefungua koki. Usiku mzima ingekuwa inaamka, inakula betri ya Mwalimu." Akaikaza klempu aliyoinunua asubuhi. Tukakaa kimya tukasubiri. Dakika tatu. Tano. Kumi. Pampu ikabaki usingizini.

Alipoinuka Mwalimu alikuwa tayari amesimama mlangoni na mto wake, soksi zimejaa vumbi.

Alilala saa tisa na nusu alasiri. Sindano hakuingia, alikaa kwenye ngazi, mgongo kwenye mlango, vidole vikihesabu gotini. Ndani mashine ilikuwa inavuma sawasawa. Nikamletea chai, ikapoa. Saa kumi na mbili kasoro robo mlango ukafunguka, Mwalimu akatoka na alama za mikanda ya barakoa mashavuni, nywele zimesimama upande mmoja, akauliza, "Ramani iko wapi?"

Waliondoka wiki iliyofuata, yeye Sindano akiwa usukani. Mimi sikualikwa. Wanasema kitanda ni cha wawili. Ni safari ya siku mbili. Asubuhi ya kwanza aliniandikia ujumbe wa neno moja, "Mzima," na nikajua kutokana na ufupi wake kwamba amekesha akiisikiliza mashine isiyo na ubaya wowote.

Asubuhi ya pili simu ikaita saa moja kasoro robo. Namba ya Sindano. Lakini aliyezungumza alikuwa Mwalimu, kwa mnong'ono.

"Shemeji, usipige kelele."

"Kuna nini? Mashine imezima?"

"Mashine iko salama, nimelala mpaka asubuhi. Betri imebaki zaidi ya nusu, nimeiangalia mwenyewe. Tulifika jana giza limeshaingia."

"Basi mpe simu mdogo wangu."

"Amelala."

"Amelala vipi?"

"Amelala tu. Tangu saa tatu usiku. Nimeamka, nimevua barakoa, nimemruka, nimefungua mlango, hajageuka."

"Anakoroma?"

"Kama lori linapanda mlima."

Nilivuta kiti nikakaa, sijui kwa nini, nilikuwa nimesimama jikoni.

"Na mto, Mwalimu? Ukoje?"

"Uko nyuma ya miti hii. Nausikia."

"Unausikia? Hujaenda kuuona?"

"Bado."

"Mwalimu! Miaka thelathini na moja! Ni hatua ngapi kutoka hapo?"

"Mia mbili hivi," akasema. "Nitakwenda akiamka."

Nikamwuliza ataamka saa ngapi. Akasema hajui, hana haraka, amekaa kwenye ngazi ya gari na jua limeanza kumfika magotini. Kisha akaniomba nikate, maana sauti yangu inapenya hadi ndani. Nikakata.